Barabara ya 9, Kwa Bibi: gumzo la kikundi

*Ijumaa, Ramadhani 19*

04:51 Da Rehema: Assalaam alaykum. Najua daku limeshashuka na mnajivuta kitandani, lakini nasema sasa kabla siku haijanichukua. Idi hii hatuagizi biriani na hatununui midoli. Tunapika wenyewe uani kwa Bibi, na zawadi za watoto zinatoka humu humu majumbani mwetu. Mwenye neno aseme leo, asingoje mwezi uandame.

04:55 Da Rehema: Hesabu hii hapa. Mwaka jana sahani 34 kwa 8,000, ikatoka 272,000. Chakula kikafika alasiri kimepoa, watoto washajaza matumbo kwa juisi. Mwaka huu pilau. Mchele kilo 5, 15,000. Nyama kilo 5, 60,000. Viazi, vitunguu, mafuta, viungo na kachumbari 22,000. Mkaa 8,000. Tikiti na ndizi 10,000. Jumla 115,000. Mchango ubaki ule ule, nyumba 9 kila moja 30,000. Kinachobaki ni mabati 6 ya jiko la Bibi, fundi kasema bati moja 25,000. Masika ya Tanga mnayajua.

05:02 Mjomba Bakari: Nimelala nikaota biriani, nafungua simu naikuta imefutwa 😂

05:03 Da Rehema: Shikamoo mjomba. Mkaa ni wako.

05:03 Mjomba Bakari: Marahaba. Mkaa upi tena?

07:40 Mwanahamisi: Da Rehema, Yusufu kaamka analilia lori lake.

07:42 Da Rehema: Lile lisilo na magurudumu?

07:42 Mwanahamisi: Lina moja.

07:50 Da Rehema: Mpe kopo na uzi atasahau. Ngoja niwaambie nilichokiona. Kile kiroba nilichotoa kwa Mwanahamisi jana nimekimwaga mkekani. Vipande 143, nimehesabu kimoja kimoja. Gari nzima 9 tu. Mikono ya midoli peke yake 6, haina wenyewe. Vile vya betri karibu vyote vimekufa, betri zimetoa unga mweupe zimekula waya. Na nyumba yenyewe vyumba viwili, mtoto hana pa kukanyaga, halafu kila siku anasema hana cha kuchezea. Kwangu nako kulikuwa hivyo hivyo, sisemi cha mtu.

07:58 Da Rehema: Nimetenga makapu matatu. La kubaki, la kutengeneza, la kuwapa wengine. Vyote vimeoshwa kwa maji ya sabuni, vimeanikwa juani. Betri nimezitoa zote. Zile ndogo za duara kama kifungo nimezifungia mbali kabisa, mtoto akimeza moja ni balaa, msiziache ovyo. Kila nyumba ifanye hivi hivi, kiroba kifike kwa Bibi kabla ya kumi la mwisho halijakolea. Siku ya Idi kila mtoto anachagua kitu kilichotoka nyumba nyingine. Kwake yeye ni kipya.

08:15 Hidaya: *Picha*

08:15 Hidaya: Mdoli wa chongo amepona 😍 jicho tumemtilia kifungo cha shati. Gauni ni kile kipande cha leso ya Bibi, ile nyekundu ya mapembe.

08:16 Mjomba Bakari: Anafanana na shangazi yenu Mwanaisha siku ya harusi yake

08:16 Hidaya: 😂😂😂😂

08:17 Mwanahamisi: 😂😂 mjomba jamani tumefunga

08:17 Mjomba Bakari: Hata kifungo alikuwa nacho

08:30 Da Rehema: Haya mmecheka. Elfu 30 nani katoa?

11:06 Salim (Maskati): Assalaam alaykum. Nimesoma yote. Mie katoni nimeshafunga, linaingia kwenye mizigo Jumapili. Kuna gari za rimoti 4, midoli inayoimba, na piano ya watoto.

11:09 Da Rehema: Salim mdogo wangu, usinielewe vibaya. Ile piano ya mwaka juzi ilipiga siku tatu. Gari la rimoti lilizunguka uani mpaka alasiri, betri zikaisha, betri mpya hazikununuliwa mpaka leo. Nimelikuta kwenye kiroba. Pesa ya usafirishaji peke yake ni bati mbili.

11:31 Salim (Maskati): Da Rehema, hawa watoto wananijua kwa katoni. Yusufu nilimwacha tumboni. Nikituma bati atanijuaje?

11:40 Mwanahamisi: Kila katoni likifika anauliza mjomba Salimu yumo ndani?

12:20 Da Rehema: Basi tulizungumze hilo baada ya swala. Niseme la zawadi. Sio midoli peke yake. Kila mtoto apate kimkoba cha vipande vya khanga na vitenge, ndani visheti na kashata. Watoto 19. Kazi ya mkono tumeanza mimi na Hidaya, vimkoba vinne tangu jana, vidole vimejaa matundu ya sindano. Ingekuwepo cherehani tungemaliza usiku mmoja.

12:22 Mwanahamisi: Si ipo Korogwe.

12:24 Da Rehema: Sikutaka kusema mimi.

12:25 Mwanahamisi: Nasema mie. Wifi Saumu aliichukua kwa mwezi mmoja. Mwaka wa sita huu.

12:31 Salim (Maskati): Mie nakumbuka ilisemwa anaazima.

12:33 Da Rehema: Na ndiyo cherehani iliyotusomesha sote. Sare za barabara nzima zilipita pale. Sisemi kwa ubaya wifi, unatusoma, tueleze tu iko wapi.

12:34 *Ujumbe huu umefutwa*

12:50 Mjomba Bakari: Tuzungumzie pilau. Nyama ya mfupa au steki?

12:51 Mwanahamisi: Mjomba subiri kwanza.

14:37 Twaha: Kuna nini? Nimekuta meseji 61. Nipo Kariakoo, midoli huku rahisi, niwabebee dazeni?

14:38 Da Rehema: TWAHA SOMA JUU

14:52 Hidaya: Bibi alikuwa amejilaza, nimemsomea. Anasema niandike kama anavyotamka, nisipunguze.

14:59 Hidaya: "Rehema, Salim, Mwanahamisi, nyote. Cherehani nilimpa Saumu mimi. Sikuiazimisha, nilimpa. Niliipakia garini kwa mkono wangu, mwaka ule Juma mumewe amelala hajui usiku wala mchana. Iliwavisha nyie mkaenda shule, na wale watoto watatu wa Juma ikawalisha. Kama ni haki yenu, nidaini mimi. Neno la cherehani liishie hapa, na mwezi wenyewe ni mtukufu."

15:01 Hidaya: "Na weye Rehema. Ulikuwa na gunzi la muhindi umelifunga kitambaa, ukiliita Zaina. Unakula nalo, unalala nalo. Likaingia wadudu. Sikulitupa. Nilingoja ulisahau mwenyewe. Lori la mtoto lirudishwe leo."

15:02 Hidaya: Amemaliza. Amegeukia ukutani.

18:55 Da Rehema: Shikamoo mama. Nimesikia.

21:48 Da Rehema: Wifi Saumu, unisamehe. Sikujua, na sikuuliza. Nilikuwa na miaka sita ya kuuliza.

*Jumamosi, Ramadhani 20*

05:10 Saumu: Shikamoo mama, shikamooni wote. Nimekesha na simu mkononi nikaandika nikafuta. Cherehani ipo, naishonea mpaka sasa, meza ndio imeliwa na mchwa, kichwa ni kizima. Nilinyamaza kwa sababu kila nikija Tanga mlikuwa mnanipokea vizuri, nikasema labda mnajua. Mama Mungu akuweke.

05:16 Saumu: Hivyo vimkoba nitumieni vipande. Nakata na kushona vyote vilivyobaki siku mbili. Nguo za midoli pia. Ila ile 30,000 mwezi huu kusema kweli sina.

05:20 Da Rehema: Wifi kazi yako ndiyo mchango. Imekwisha.

05:41 Mwanahamisi: Sawa kwa wifi. Lakini tuseme wazi, maana mwaka jana kuna nyumba mbili zilikula bila kutoa na hawakushona kitu.

05:42 Mjomba Bakari: Mbona mnaniangalia mie?

05:43 Mwanahamisi: Sijataja mtu mjomba 😂

09:05 Da Rehema: Tuendelee na mapishi, Mama kanisahihisha usiku. Visheti: unga wa ngano kilo 1, samli robo, hiliki ya kutwanga wenyewe, na tui zito la nazi moja. Samli ifikichwe kwenye unga kwa vidole mpaka unga ukikamata ushikane, ndipo tui liingie kidogo kidogo. Mwaka juzi tulimwaga tui lote kwa mpigo vikawa vigumu kama kokoto. Moto mdogo, ukikaza moto vinaungua nje ndani ni unga mbichi. Shira ni sukari nusu kilo na maji nusu kikombe, ichemke mpaka ivute nyuzi, visheti viingie, vigeuzwe geuzwe mpaka sukari ivishike ikauke nyeupe. Kilo moja ukikata vidogo inatosha vimkoba vya watoto wote. Kashata atapika Hidaya.

09:09 Hidaya: Nazi zimepanda. Sokoni jana nimeambiwa bei nikaondoka.

09:10 Mjomba Bakari: Pangani zipo shambani kwangu. Mtu aje apande mnazi mwenyewe, mie magoti.

09:12 Da Rehema: Mjomba, zinatakiwa 12. Twaha unakuja na basi lini?

09:13 Da Rehema: Twaha?

10:30 Mwanahamisi: Jana nilimkalisha Yusufu na kapu, nikamwambia chagua mwenyewe vya kumpa mtoto wa jirani. Nilidhani atang'ang'ania vyote. Katoa vitu kumi na moja, moja lile gari la rimoti. Lori peke yake ndilo kasema asipewe mtu.

10:34 Da Rehema: Lile gari nililosema mimi ni bovu?

10:34 Mwanahamisi: Lenyewe. Anasema lilikuwa linapiga kelele.

10:50 Salim (Maskati): Nimeyasoma. Katoni nimelifungua. Midoli ya kuimba nitaipunguza. Lakini sitaki lisije kabisa. Naweza kutia hiliki kilo, mdalasini, na rangi za kuchorea? Na nitajirekodi namsimulia Yusufu hadithi, Mwanahamisi umsikilizishe.

10:58 Da Rehema: Hiliki kilo nzima! Salim tutakuombea mpaka tarawehe ya mwisho. Rangi lete. La rimoti...

10:58 Da Rehema: La rimoti tutaongea.

11:00 Salim (Maskati): Moja tu.

13:15 Saumu: Vipande navipataje? Basi la asubuhi la kuja Korogwe nani atanifikishia kituoni?

13:40 Mwanahamisi: Mie niko kazini mpaka jioni.

13:41 Hidaya: Mie siwezi kumwacha Bibi.

16:20 Twaha: Nimesoma juu. Nimetuma 30,000. Naja siku moja kabla ya Idi inshaallah, kama likizo itakubali.

16:21 Da Rehema: Basi nazi nani?

19:30 Da Rehema: *Picha*

19:31 Da Rehema: Hili ndilo lori. Nimemkatia Yusufu magurudumu matatu kwa ndala iliyokatika kanda, nimeyatoboa kwa msumari wa moto, ekseli ni kijiti cha mshikaki. Lile moja la zamani nimeliacha kama lilivyo. Nimelipeleka mwenyewe kabla ya futari. Hakunisalimia, alilishika akalilaza mlangoni akaanza kuliendesha kwa kichwa chini kuangalia magurudumu yanavyozunguka.

19:44 Mwanahamisi: Amekwenda nalo msikitini na baba yake 😭 limeachwa kwenye viatu.

20:02 Hidaya: Bibi ameiona picha. Kaomba miwani.

21:15 Da Rehema: Waliotoa mpaka sasa ni Twaha, mimi na Mwanahamisi. Wifi kwa kazi. Salim kasema Jumatatu. Nyumba nne sijasikia hata salamu, na nyote mmesoma, naziona alama. Fundi wa bati anataka nusu mbele.

21:17 Da Rehema: Mjomba, mkaa?

21:30 Saumu: Na vipande, wifi?

21:52 Mjomba Bakari: Nyama ya mfupa au steki, hamjanijibu.