Mtoto wa miezi 8, CT inasema "serebelamu ndogo": tuombe picha gani?

Tabibu_Arua: Habari zenu, wakubwa. Mtoto wa miezi 8, mwili umelegea, macho hayatulii, anahema mbiombio kisha pumzi inakatika kwa sekunde kadhaa. Ripoti ya CT imeandika tu "serebelamu ndogo", yaani ubongo mdogo wa kisogoni. Familia iko tayari kusafiri hadi Kampala kwa MRI. Je, inafaa? Na ultrasaundi ya utosini haitoshi?

Picha_Kla: Inafaa, ndugu yangu. Dalili hizo tatu zikikutana, fikiria kwanza ugonjwa wa Joubert, kasoro ya kurithi ya ubongo. Utosini tunaona vizuri maji kichwani, lakini serebelamu iko mbali mno. Kwenye fomu usiandike "MRI ya ubongo" ukaishia hapo. Andika: "Joubert? Tafuta alama ya gego." Omba aina mbili za picha za MRI: T1 ya 3D yenye vipande vya mm 1, na T2 ya mlalo inayopita ubongo wa kati unapokutana na ponsi (sehemu ya shina la ubongo iliyo chini yake). Hapo vikonyo viwili vya juu, vinavyounganisha serebelamu na shina la ubongo, huonekana virefu, vinene na vimenyooka, na bonde lililo kati yake limezama: gego kamili na mizizi yake. Vipande vya mm 5 huweza kuiruka alama hiyo, ripoti ikarudi "Dandy-Walker" (kasoro nyingine ya serebelamu), na familia ikashauriwa ugonjwa usio wake.

Dawa_za_Usingizi: Kwa kuwa atapewa dawa ya usingizi ili atulie kwenye MRI, tafadhali andikeni pia kwa herufi kubwa kwamba pumzi hukatika. Watoto hawa huzimwa pumzi upesi na dawa za maumivu za mofini na jamii yake, hata na gesi ya nitrasi oksaidi. Aangaliwe pumzi hadi azinduke kabisa, na ikiwezekana alale wodini usiku huo. Maziwa ya mama yakome kwa muda wa saa nne nzima kabla ya dawa ya usingizi, uji na maziwa ya kopo kwa muda wa saa sita, maji kwa muda wa saa mbili. Mara nyingi mama hunyonyesha alfajiri ndani ya basi, kipimo kikaahirishwa. Wafike Kampala jana yake.

Tabibu_Arua: Asante sana, dokta. Tukiwa tunangoja?

Picha_Kla: Ultrasaundi ya figo na ini, kreatinini (kipimo cha damu cha figo), na daktari wa macho atazame retina, Joubert hugusa huko pia. MRI ikishapigwa, dai CD yenye faili za DICOM (picha zenyewe za kompyuta), maana filamu iliyochapishwa haipanuliki wala haigeuziki. Na akija kupata kifafa, MRI irudiwe akishapita umri wa miaka 2: kwa umri huu mayelini, ala ya mafuta inayofunika nyuzi za neva, haijakomaa, na kasoro ndogo za gamba la ubongo hujificha.