Wiki ya tano tangu nitolewe uvimbe wa pituitari, pembeni bado giza

MamaDagaa_Kirumba
Wapendwa, nauza dagaa mwaloni Kirumba. Mwaka jana watu wakaanza kusema nina maringo: mtu ananisalimia ubavuni, mimi kimya. Kumbe simwoni. Siku nilipokanyaga dagaa za jirani zilizoanikwa ndipo nikaenda hospitali. MRI ikaonyesha uvimbe kwenye pituitari, katezi kadogo kama njegere chini ya ubongo, umepanda hadi kubana neva za macho pale zinapokutana.

Nilipasuliwa Dar, kupitia puani. Siku ya pili tu nikaona shuka la mgonjwa wa jirani ni jekundu kweli, si kahawia. Nililia. Ila pembeni, hasa kushoto, bado. Jana nusura bodaboda inizoe. Ndiyo imeishia hapa?

Mzee_wa_Nansio
Mwanangu, wiki tano bado changa. Mimi huu mwaka wa tatu. Jicho la kulia lilifunguka wiki ileile. La kushoto lilijivuta miezi minne, na mwaka wa pili kipimo bado kiliongezeka kidogo. Sitakudanganya, kona ya juu kushoto ni ukungu mpaka leo. Nageuza shingo kama kuku. Kwenye kivuko nakaa mwisho wa benchi upande wa kushoto, watu wote wawe kulia kwangu.

Muuguzi_Macho
Dada, ulishapimwa uwanja wa kuona, yaani jicho linaona hadi wapi pembeni bila kugeuka, tangu utoke Dar? Ile mashine unaweka kidevu, unabonyeza kila ukiona nukta ya mwanga. Linganisha karatasi ya kabla na ya sasa. Muulize daktari pia unene wa nyuzi za neva nyuma ya jicho: zikiwa hazijakonda, matumaini ni makubwa zaidi.

Macho yakififia ghafla, au ukiinama puani yakachuruzika maji maangavu, usingoje tarehe ya kliniki, nenda siku hiyohiyo. Na kama ulipewa haidrokotisoni, ile dawa ya kufidia homoni, usiiache kwa kujiamulia.

MamaDagaa_Kirumba
Shikamoo mzee. Ahsante dada. Karatasi ya kabla ninayo, ya sasa sina, Jumatatu nitaidai. Maji puani hapana. Wiki ya kwanza kiu ilinitesa, nakojoa usiku kucha, dawa ikaituliza. Na hiyo ya benchi nimeichukua: kesho nahamisha meza, ubavu wa kushoto uwe ukutani, wateja waje kulia.

Mzee_wa_Nansio
Marahaba. Nikivuka nitapitia dagaa, nitakusalimia kulia.