Diski ya kiuno imebana mshipa wa fahamu, daktari anasema upasuaji wa tundu dogo: nifanye au nisubiri?

Dereva_Malaba:
Wakubwa kwa wadogo shikamooni na hamjambo. Mimi ni dereva wa trela, njia yangu ni Malaba mpaka Elegu, huu mwaka wa 14, nina miaka 43. Wiki tisa zilizopita nilikuwa nafunga turubai hapo Tororo, nikavuta kamba huku nimeinama na kujipinda, nikasikia kiunoni kitu kimeachia. Siku mbili za kwanza ni kiuno tu, baadae maumivu yakahamia mguuni, yanaanzia tako la kushoto yanashuka nyuma ya paja, kwenye kigimbi, mpaka kidole kidogo. Nikipiga chafya ni kama nimeshika waya wa stima. Kukaa ndo siwezi kabisa, hata chakula nakula nimesimama kwenye friji.

Nimepigwa eksirei mara mbili sehemu moja sitaitaja, kila mara mifupa iko sawa, shika dawa nenda. Daktari wa tatu ndo kasema piga MRI, ile picha inayoonyesha mpaka diski na mishipa, ikaonekana diski kati ya L5 na S1, yaani pingili ya mwisho ya kiuno na mfupa wa chini yake, imetoka kwa nyuma imebana mshipa wa kushoto. Sasa ananiambia kuna upasuaji wa tundu dogo, wanapitisha bomba, kesho yake unarudi nyumbani. Bei yake lazima niuze ploti yangu, na ile ploti ni ya watoto. Mzee wangu anasema mgongo ukishaguswa na kisu mtu hatembei tena. Mama watoto anasema uza. Safari fupi bado najikaza, ila hata klachi ya hii gari imekuwa nzito, fundi kaangalia haoni shida.

Aliyepitia aniambie ukweli, nimechoka.

Askari_Mstaafu_Gulu:
Pole sana dereva. Mimi nilipasuliwa hiyohiyo L5/S1, na natembea, nalima, nalala. Mwambie mzee kwa heshima kwamba kiunoni pale chini uti wa mgongo wenyewe ulishaishia juu, kwenye pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno hivi, hapo kwako imebaki mishipa inayoshuka. Hatari ipo, inaweza kuingia maambukizi, ngozi inayofunika mishipa inaweza kutoboka maji yakavuja, lakini ile picha ya kila aliyepasuliwa kuishia kwenye kiti cha magurudumu siyo kweli.

Nilipigwa nusu kaputi, wakanilaza kifudifudi. Kidonda changu kilikuwa urefu wa kiungo cha kidole gumba, plasta moja. Hawatoi diski nzima, wanatoa kile kipande kilichotoka tu, hakuna chuma wala skrubu. Nilipoamka nikatafuta ule moto mguuni sikuuona, nikalia, mtu mzima. Jioni nesi akanisimamisha nikatembea mpaka dirishani.

Sasa sikiliza na upande wa pili. Ganzi ya kidole kidogo ilikaa miezi mingi ndo ikaisha. Kiuno chenyewe asubuhi kinauma mpaka leo, kwa sababu ule upasuaji ni wa mguu zaidi kuliko mgongo, hili mimi sikuambiwa na niliumia moyoni nikidhani wameharibu. Halafu wiki ya nne, kidonda kimekauka, najiona mzima, nikainua jerikeni ya lita 20 ya maji. Hiyo ni kilo 20 wandugu. Moto ukarudi usiku uleule. Nje kidonda kilifunga siku nyingi lakini ile diski ndani bado ina mlango. Namshukuru Mungu ilitulia kwa sindano na mazoezi, sikurudi kwenye meza ya upasuaji, ila ilinichukua miezi mitatu ambayo sikutakiwa kuipoteza.

Fizio_Jinja:
Kaka Dereva pole. Mimi nafanya kazi ya mazoezi ya viungo, watu wa aina yako nawaona kila wiki, madereva, boda, akina mama wa kubeba matoke.

Diski ni kama kitumbua, nje ngumu ndani laini. Ukuta ukipasuka ule ute unasukumwa nje unakaa juu ya mshipa. Eksirei inaonyesha mifupa tu, diski haionekani, ndo maana ulirudishwa mara mbili. Na habari njema ambayo watu hawaambiwi ni kwamba kile kipande kilichotoka mwili wenyewe mara nyingi unakila pole pole kinasinyaa, wengi wanapata nafuu ndani ya wiki 6 mpaka 12 bila kisu. Uholanzi mwaka 2007 walitoa utafiti wa wagonjwa 283 wa mguu kuwaka hivi, wengine wakapasuliwa mapema wengine wakasubirishwa na dawa. Waliopasuliwa walipona mguu haraka zaidi, lakini baada ya mwaka mmoja makundi yote mawili yalikuwa karibu sawa, watu 95 kati ya 100 wanasema wamepona. Ila kati ya waliosubirishwa, kama 39 kwa kila 100 waliishia kupasuliwa. Kwa hiyo kusubiri si ujinga na kupasuliwa si ujinga.

Kuhusu tundu dogo, usiuze ploti kwa sababu ya hilo neno. Waholanzi haohao mwaka 2009 walilinganisha bomba na upasuaji wa kawaida wa hadubini, ambao nao kidonda chake si kikubwa, wagonjwa 328, bomba halikushinda, tena wa bomba walisema mguu na mgongo vinawauma zaidi kidogo. Kipande kinachotolewa ni kilekile. Muulize daktari amefanya wangapi kwa mkono wake, na uulize bei ya hadubini pia. Mulago na Mbarara kuna madaktari wa upasuaji wa mishipa ya fahamu, nenda upate jicho la pili kabla ya kutoa pesa.

Lakini hiyo klachi imenisumbua tangu nisome. Inawezekana gari haina shida. Shika ukuta, simama kwa mguu wa kulia peke yake unyanyue kisigino mara kumi. Halafu wa kushoto. Uniambie leo.

Dada_wa_Busia:
Mimi naongeza moja tu kwa sababu kaka yangu hayuko sawa mpaka leo. Alikuwa na diski, tukampeleka kwa mchuaji, wiki mbili anakandwa na kukanyagwa mgongo. Siku moja akasema huku chini, mahali panapogusa kiti cha baiskeli, hapasikii. Jioni mkojo ukakataa kutoka, tumbo limejaa. Sisi tukampa maji anywe. Tulifika hospitali siku ya tatu. Alipasuliwa, anatembea, lakini mpira wa mkojo haujamtoka.

Ukipata ganzi ya huko chini, au mkojo ukakataa au ukatoka wenyewe, au miguu yote miwili ikalegea, usiulize mtu hapa wala usingoje asubuhi. Ni siku hiyohiyo, hata usiku, hata kwa boda ya kukopa.

Mama_Mbale:
Jamani kwani hawezi kwenda ile hospitali ya CURE ya Mbale, si wanapasua mishipa, ni karibu na Tororo?

Fizio_Jinja:
Mama, ile ni ya watoto, vichwa maji na migongo wazi. Mtu mzima wa diski sio pale.

Dereva_Malaba:
Mkojo uko sawa, huko chini nasikia vizuri, asante dada wa Busia, pole sana kwa kaka.

Dada fizio nimefanya. Wa kulia kumi nimemaliza. Wa kushoto kisigino kimepanda mara ya kwanza nusu, mara ya pili hakikutoka chini kabisa, nasukuma na mguu haunisikii. Nimerudia mbele ya mama watoto. Miezi miwili namlaumu fundi wa watu. Nimepima na kamba ya viatu, kigimbi cha kushoto kimekonda.

Fizio_Jinja:
Kaka, hapo hesabu inabadilika. Maumivu tu unaweza kuyapa muda, lakini mguu unaopoteza nguvu haufai kungojewa, mshipa ukibanwa muda mrefu nguvu inaweza isirudi yote. Weka funguo chini leo, hata safari fupi hapana, usije ukakosa kukanyaga mbele ya watoto wa shule. Nenda wiki hii, na neno la kwanza ukifika mwambie daktari kisigino hakinyanyuki, usianze na maumivu.

Dereva_Malaba:
Bosi kaelewa, gari kapewa dereva mwingine, tanboi (utingo) wangu anabaki naye. Jumatatu naenda Mulago na picha zangu zote. Ploti bado siuzi mpaka nisikie bei ya huko.

Askari_Mstaafu_Gulu:
Usikae mfululizo Tororo mpaka Kampala. Mwambie anayekuendesha asimame Iganga na Jinja, ushuke utembee dakika tano tano. Na kama kiti cha mbele kinalala, kilaze.

Dereva_Malaba:
Asante afande. Nitaandika nikitoka kwa daktari.