Wasifu wa bibi wa kusomwa kanisani: niandikeje?

Swali: Bibi amefariki na miaka 91. Alikuwa mzee wa kanisa, mwanakwaya, mweka hazina wa kikoba. Tumepewa dakika 5 tu. Nianzie wapi?

Jibu: Pole sana, ndugu. Dakika 5 ni kama maneno 500, usizidishe. Tarehe za ubatizo, kipaimara na ndoa zitoe kwenye vyeti au daftari la usharika. Za kukumbuka hugongana, halafu kwenye msalaba wa kaburi unasomeka mwaka mwingine.

Jibu: Vyeo vipite haraka. Taja kazi yenyewe: kufagia kanisa Jumamosi, kukesha jikoni misibani. Ugomvi huwa kwenye majina ya watoto, hasa wa nje ya ndoa. Wanandugu waipitie orodha kabla hujachapa.

Jibu: Ugonjwa, sentensi moja inatosha. Na msomaji asiwe mtoto wa marehemu, atakwama katikati.