Nimeanza cheti cha uhasibu, Excel inanitoa jasho. Nianzie wapi?

HGL_Moro aliandika:

Wakuu, habari za jioni.

Niko mwaka wa kwanza, astashahada ya awali ya uhasibu (NTA level 4), chuo kimoja hapa Morogoro. Kidato cha sita nilisoma HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza), na kompyuta nilikuwa naiona kupitia dirisha la mhasibu wa shule siku ya kupeleka risiti ya ada. Muhula huu tuna somo la kompyuta. Wiki za mwanzo nilikuwa mbabe kwa sababu zilikuwa za kukariri: vizazi vya kompyuta, vifaa vya kuingizia taarifa, tofauti ya RAM na ROM. Tulipoingia Excel ndipo nikajua sijui.

Maabara ina mashine chache, tunakaa watatu watatu, na anayeshika mausi siku zote ni yule aliyetoka shule yenye kompyuta. Mkufunzi yuko mbele na projekta: "Bonyeza hapa, buruta, piga entaa." Ukiinua kichwa kutoka kwenye daftari yeye yuko shiti nyingine. Laptopu sina. Nina simu ya Android tu.

Jaribio ni wiki ijayo. Tutapewa shiti tupu na majina ya wafanyakazi 12, tutengeneze orodha ya mishahara: mshahara ghafi, NSSF (makato ya hifadhi ya jamii), PAYE (kodi ya mshahara), na kinachobaki mkononi. Hapa nilipokwama:

Kwanza, asilimia 10 ya NSSF nimeiandika seli L1. Nikaweka =C2*L1, mfanyakazi wa kwanza akaja sawa, 80,000. Nikaiburuta kushuka chini, wote waliobaki wakaja sifuri.

Pili, VLOOKUP ya kuchukua mshahara kutokana na cheo inaniletea #N/A kwa madereva tu. Cheo kipo, nakiona kwa macho!

Tatu, namba za NIDA nikiziandika zinageuka 1.99803E+19. Hii ni nini tena?

Na je, naweza kujifunzia kwenye simu? Nawasilisha.

Mzee wa Bando aliandika:

YouTube imejaa hayo yote dogo. Weka bando, tafuta, angalia. Mbona rahisi.

Karani wa Korosho aliandika:

Mzee wa Bando, huyo kashasema mkufunzi anaenda mbio, wewe unampeleka kwa mkufunzi mwingine anayeenda mbio zaidi.

Mdogo wangu wa Moro, mimi ni mtunza hesabu wa AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) huku Masasi. Msimu wa korosho ukifunguka kazi yangu ni Excel asubuhi mpaka taa zinawashwa: jina la mkulima, kilo, bei ya mnada, makato kwa kila kilo, namba ya akaunti, malipo. Hayo matatu uliyoyataja ndiyo yanayonilisha, kwa hiyo kaa chini.

Sifuri zako. Excel haikusoma "L1" kama unavyoisoma wewe. Imesoma "seli iliyo safu kadhaa kulia kwangu, mstari mmoja juu yangu". Ukishuka mstari wa 3, inatafuta tena mstari mmoja juu yake, inafika L2, haikuti kitu, inazidisha kwa hakuna. Bonyeza seli ya mfanyakazi wa pili uangalie juu kwenye kile kisanduku cha fomula: utakuta =C3*L2. Dawa ni alama ya dola: =C2*$L$1. Dola ni kigingi. Mbuzi asiyefungwa, ukihama naye anahama. Kwenye kibodi ukiwa ndani ya fomula gonga F4, dola zinaingia zenyewe; kwenye baadhi ya laptopu ni lazima ushike Fn kwanza. Kwenye simu utaziandika kwa mkono.

Na hii tabia ya kubonyeza seli na kusoma kilichomo kweli, usiiache. Kinachoonekana kwenye seli na kilichomo ndani ni vitu viwili, na karibu shida zote za mwaka wa kwanza zinatokea hapo.

Mfano ni hao madereva. Nenda seli tupu, andika =LEN(A2), inayohesabu herufi, ukielekeza kwenye cheo cha dereva mmojawapo. "Dereva" ina herufi 6. Nakuhakikishia utapata 7. Kuna mtu kagonga nafasi baada ya neno, na jicho haliioni, lakini kwa Excel hayo ni maneno mawili tofauti. Tumia =TRIM(A2), inayofuta nafasi za ziada, kwenye safu ya pembeni, kopi matokeo, kisha bandika thamani pekee (Paste Values) juu ya yale ya zamani. Ukimaliza hakikisha VLOOKUP yako inaishia na FALSE. Usipoandika chochote hapo, Excel inachukulia TRUE, yaani itakupa kinachokaribia. Kwenye cheo hatutaki kinachokaribia. Mlinzi anaweza kuamka na mshahara wa meneja.

NIDA sasa. Hapa nakuomba usome mara mbili maana utakutana nayo kazini. Namba ya NIDA ina tarakimu 20. Excel ikiona tarakimu tupu inadhani ni namba ya kuhesabia, na kwenye namba inahifadhi tarakimu 15 tu za mwanzo. Tano za mwisho inazifanya sifuri. Usidhani zimefichwa: zimeshapotea, hata ukibadilisha muundo baadaye hazirudi, itabidi uandike upya. Kwa hiyo kabla hujaandika chochote, chagua safu nzima, kwenye orodha ya miundo chagua Text. Au anza kila namba na kistari cha juu ('). Au iandike na vistari vyake kama ilivyo kwenye kitambulisho, itachukuliwa kuwa maandishi yenyewe. Namba za simu na akaunti za benki vilevile: sifuri ya mbele inaliwa. Huku kwetu akaunti iliyokosa sifuri moja maana yake malipo yanarudi, na mkulima anakuja ofisini na jamaa zake wote.

Dalili ya haraka: ukiwa hujagusa mpangilio, namba hukaa kulia ya seli, maandishi hukaa kushoto. Tupia jicho safu nzima. Anayekaa upande usio wake, mhoji.

PAYE naona hukuiuliza lakini ndiyo itakayokuangusha, kwa hiyo nakupa. Viwango vya Bara kwa mwezi: mpaka 270,000 hakuna kodi, inayozidi hapo mpaka 520,000 asilimia 8, mpaka 760,000 asilimia 20, mpaka 1,000,000 asilimia 25, zaidi ya hapo asilimia 30. Kila asilimia inakula kile kipande chake tu, si mshahara wote. Na kodi inakatwa baada ya kuondoa NSSF.

Tengeneza jedwali dogo pembeni. Safu H, kianzio cha kila ngazi, kuanzia mstari wa 2: 0, 270000, 520000, 760000, 1000000. Safu J, asilimia ya kila ngazi: 0, 8%, 20%, 25%, 30%. Safu I ya katikati ni kodi iliyokwisha kujikusanya chini ya kianzio hicho. Andika 0 kwenye I2, kisha I3 weka =I2+(H3-H2)*J2 uburute mpaka chini. Inatakiwa ikupe 0, 0, 20,000, 68,000, 128,000. Ikikupa vingine, rudi uangalie ulipoandika.

Kama kinachotozwa kodi kiko E2:

=VLOOKUP(E2,$H$2:$J$6,2,TRUE)+(E2-VLOOKUP(E2,$H$2:$J$6,1,TRUE))*VLOOKUP(E2,$H$2:$J$6,3,TRUE)

Hapa TRUE ndiyo tunayoitaka, kwa sababu tunatafuta ngazi anayoangukia mtu. Sharti vianzio viwe vimepangwa kutoka kidogo kwenda kikubwa.

Pima kwa huyo wako wa 800,000. NSSF 80,000. Inabaki 720,000. Ngazi yake inaanzia 520,000: kodi 20,000, jumlisha asilimia 20 ya 200,000 ambayo ni 40,000. PAYE 60,000. Mkononi 660,000. Fanya kwa kalamu kwanza, ndipo uiulize mashine.

Mwalimu wa Maabara aliandika:

Nafundisha somo hili hili chuo kingine, na Karani kamaliza sehemu kubwa. Nina mawili.

Kwa mwanafunzi wa NTA 4, mkufunzi wako huenda bado anatarajia fomula ya IF (kama hivi, basi vile). Ukiiweka hii utaeleweka haraka zaidi wakati wa kusahihisha:

=IF(E2<=270000,0,IF(E2<=520000,(E2-270000)*8%,IF(E2<=760000,20000+(E2-520000)*20%,IF(E2<=1000000,68000+(E2-760000)*25%,128000+(E2-1000000)*30%))))

Hesabu mabano ya mwisho, ni manne. Mashine za maabara nyingine zimewekwa mpangilio wa nchi nyingine, mkato zinaukataa na zinataka nukta mkato. Ukiona fomula sahihi inagomewa, jaribu hilo kabla ya kujilaumu.

La pili ni simu. Google Sheets, programu ya majedwali kama Excel, ni ya bure, na unaweza kuiwekea ifanye kazi bila intaneti. Kuielewa dola, IF na VLOOKUP, simu inatosha kabisa. Ila jaribio lenu liko kwenye kibodi, na vidole vinatakiwa viwe vimeshazoea. Lipia saa moja stesheneri siku mbili tatu kabla. Maabarani, mwambie huyo mshika mausi mpokezane kila zoezi. Wakufunzi tunaona nani anashika na nani anatazama, ila tukiambiwa ndipo tunaingilia.

Karani wa Korosho aliandika:

Mwalimu, kwa heshima zote, hiyo IF ndiyo inayotutesa maofisini. Kabla ya Julai 2021 ile ngazi ya asilimia 8 ilikuwa 9. Badiliko la namba moja, lakini ndani ya fomula yako ile 20,000 ilikuwa 22,500, ile 68,000 ilikuwa 70,500, na 128,000 ilikuwa 130,500. Namba nne za kuwinda ndani ya mabano, kwenye kila faili. Kwenye jedwali langu unabadilisha J3, basi, zingine zinajipanga.

Mwalimu wa Maabara aliandika:

Nakubali kwa kazini. Na hilo ndilo lililozaa programu hizi tangu mwanzo. Dan Bricklin alikuwa mwanafunzi wa biashara pale Harvard, akimtazama mwalimu anajaza jedwali la hesabu ubaoni. Kila namba moja ikibadilika, mwalimu anafuta na kuandika upya zote zinazoitegemea. Akawaza jedwali linalojirekebisha lenyewe, na mwaka 1979 yeye na Bob Frankston wakatoa VisiCalc kwa ajili ya Apple II. Excel ilikuja baadaye, mwaka 1985, tena ilianzia kwenye Macintosh. Nawasimulia wanafunzi wangu kila muhula, kisha nakuta =C2*0.1 kwenye nusu ya kazi zao.

Kwa hiyo HGL_Moro: IF kwa jaribio kama ndivyo mlivyofundishwa, jedwali kwa maisha. Asilimia zikae kwenye seli zao, zisijifiche.

HGL_Moro aliandika:

Dada Karani shikamoo, Mwalimu shikamoo. LEN imetoa 7 kweli! Nimecheka peke yangu stesheneri mpaka mwenye duka kaniangalia. Dola zimekubali. Jedwali la PAYE nimelitengeneza mara ya kwanza likaleta 20,000 pale pale ulipoandika, kwa mkono pia 60,000 imetoka.

Limebaki moja. Kuna vibarua wawili wana 437,555 kila mmoja. NSSF inaonyesha 43,756 na 43,756, lakini SUM inasema 87,511. Nikijumlisha kwa kichwa napata 87,512. Excel imekosea?

Karani wa Korosho aliandika:

Marahaba. Haijakosea. Ndani ya kila seli kuna 43,755.5, wewe umeiambia isionyeshe senti, ikakuonyesha iliyokaribishwa. SUM inajumlisha za ndani. Badilisha fomula iwe =ROUND(C2*$L$1,0) uburute tena, jumla itakuwa 87,512. PAYE nayo izungushie ROUND hiyo hiyo.