Mgao wa maji: yamekuja siku isiyo yetu, yamejaa chumbani kwangu, na faini nimepigwa mimi

Wakuu, kwema huko? Huku si kwema, kwa hiyo tusizungushane.

Naishi Kimara, Dar es Salaam, ile ya juu kabisa, ambako bodaboda akikufikisha anadai nyongeza kwa ajili ya mlima. Nyumba ya kupanga, vyumba sita, bomba moja uani, tanki moja la lita 5,000 lenye kufuli. Kufuli ni la mama mwenye nyumba. Tangu katikati ya Januari tuko kwenye mgao wa maji na nimevumilia sana, ila la Jumatatu limenishinda. Nimeona nije nitapike hapa, maana nikimtapikia mwenyewe uso kwa uso nitatolewa vyombo nje, na kodi ya miezi sita nimeshalipa.

Tuanze na ratiba. Ratiba ya mgao ilirushwa kwenye grupu la mtaa, imepangwa vizuri, ina rangi mbili na maneno ya pole juu yake. Sisi tumeandikiwa Jumanne na Ijumaa, saa 12 asubuhi mpaka saa 12 jioni. Wakuu, tangu hiyo karatasi itoke sijaona maji Jumanne hata moja. Nimeyaona Jumatano saa tisa usiku. Nimeyaona Jumapili watu wako kanisani. Kuna Ijumaa moja yalitoka kweli, dakika kama ishirini, rangi ya chai ya maziwa, watu wakapiga vigelegele utadhani bibi harusi ameshuka kwenye gari. Ukipiga simu huduma kwa wateja unaambiwa mtaa wenu uko mwinukoni, presha haifiki. Sawa. Lakini huu mwinuko haukuletwa mwaka huu, na bili haijawahi hata mwezi mmoja kushindwa kupanda huo mlima.

Msiniletee somo la mto, nalijua. Maji mengi ya Dar yanatoka Ruvu, na Ruvu anaanzia Uluguru huko Morogoro. Mtambo wa Ruvu Juu uwezo wake ni lita milioni 196 kwa siku, Ruvu Chini milioni 270. Mwaka 2022 vuli ilipogoma, zile milioni 466 zilishuka mpaka karibu 300 na jiji zima likanyooka. Mwaka ule hata watu wa kule kwenye mageti walijua dumu linauzwa bei gani, tulikuwa tunapishana nao na ndoo kwenye buti za magari yao. Shida ikiwa ya wote unaibeba. Hii ya mwaka huu ina mitaa yake.

Kwa wasiojua maisha haya, mbinu iko hivi: usiku koki inaachwa wazi, chini yake linawekwa sufuria limepinduliwa, kitako juu. Tone la kwanza likigonga tu, ti, ti, ti, nyumba nzima inaamka. Hakuna simu yenye alamu ya kushinda lile sufuria. Ila kabla ya tone kuna hewa. Bomba linakohoa, linapiga mluzi, linanyamaza, linakohoa tena, halafu linatema kutu. Sasa nendeni na tochi mkaangalie mita wakati wa hicho kikohozi. Mimi nimechutama pale na bukta saa tisa usiku, nimekaona kale kagurudumu kanakimbia kama feni na ndoo yangu haina hata tone. Nalipia upepo! Kumwuliza mwalimu, akanijibu bila kushtuka kuwa mita haina akili ya kujua haya ni maji na hii ni hewa, kinachosukuma kigurudumu ndicho kinachohesabiwa.

Huyu mwalimu inabidi niwaeleze. Ni mstaafu, alifundisha jiografia, anakaa chumba cha kwanza. Mtu wa heshima, shikamoo zake anapata zote. Tatizo lake foleni ya maji kwake ni darasa. Watu tumenuna, ndoo zimepangwa, jua la saa nne linachoma mpaka plastiki inanuka, yeye ananisogelea.

"Mwanangu, unajua mwanzoni mwa Januari ndipo dunia inapokuwa karibu zaidi na jua? Kama kilomita milioni 147. Mwezi wa saba inakuwa milioni 152."

"Kumbe ndiyo maana joto lote hili, mwalimu?"

"Hapana, siyo hiyo."

Akasogeza ndoo yake mbele. Basi. Amenipa jibu la swali ambalo sikuuliza, nililouliza akalikataa.

Siku nyingine akaniambia nisikose kusimama uani tarehe 3 Machi, kama saa sita na nusu mchana, jua litakuwa utosini kabisa na kivuli changu kitaingia chini ya nyayo. Dar linapita utosini mara mbili kwa mwaka, nyingine ni karibu na tarehe 10 Oktoba. Nikamwambia mwalimu, siku hiyo hata kivuli changu nacho kitakuwa kimeenda kutafuta maji. Hakucheka. Akanionyesha kuku wa mama mwenye nyumba walivyojibanza chini ya mwembe, midomo wazi, mabawa wameyaachia pembeni. Kuku hana jasho, kwa hiyo anapumua kwa mdomo ili apoe. Na wale kuku, wakuu, wana beseni la maji safi kila asubuhi kutoka kwenye lile tanki la kufuli. Sisi ndoo mbili kwa chumba. Chumba cha mtu mmoja ndoo mbili, chumba cha baba, mama na watoto watatu ndoo mbili. Kuku hawahesabiwi.

Hata upepo alishanifundisha. Huu unaovuma sasa ni kaskazi, uliokuwa unaleta majahazi kutoka Uarabuni na Bara Hindi, kisha kusi inayarudisha. Nikauliza, upepo ulioweza kusukuma majahazi yote yale na tende zake unashindwaje kutusukumia wingu moja? Akaanza kunieleza. Ndoo yangu ikafika, namshukuru Mungu.

Ndoo moja ya lita 20 kwangu ina kazi nne kabla haijapumzika. Naogea ndani ya beseni, nusu ndoo, nimesimama katikati kama mtoto anayeogeshwa. Yale ya beseni yanafua soksi na boksa. Ya kufulia yanapiga deki. Ya deki yanaenda chooni. Yakifika chooni yameshakuwa mazito, unayamwaga kwa heshima. Maji ya kisima tulijaribu, jirani anauza, lakini yana chumvi: unasugua sabuni mpaka inaisha, povu hakuna, ukioga unatoka unanata kuliko ulivyoingia. Chai yake usiniulize.

Mwenye mkokoteni naye ana soko lake. Dumu la lita 20 lilikuwa shilingi 300, sasa ni 700 kwa sababu ya mlima. Uniti moja ya maji ni lita 1,000, yaani madumu 50, yaani kwa dogo wa mkokoteni ni 35,000. Bili yangu ya mwezi mzima, kwa mgao wa chumba changu, maji yakitoka kama kawaida haijawahi kufika 15,000. Na huyo dogo simlaumu hata kidogo, mwenzangu anasukuma kilo mia mbili na kitu kupandisha mlima kwa ndala. Ila akifika juu ananiangalia kama mimi ndiye niliyejenga mlima.

Sasa mama mwenye nyumba. Siku moja mwalimu alichukua kipande cha mkaa akaandika ukutani. Mvua ya milimita moja ikinyesha kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Dar kwa mwaka inapata kama milimita 1,100. Paa letu yeye analikadiria mita za mraba 120. Zidisha: lita 132,000. Madumu 6,600. Hata nusu yake ikipotea bado ni maji ya kuoga kama binadamu. Kinachotakiwa ni gata kuzunguka bati na bomba la kuingiza kwenye tanki. Tulikuwa tayari kuchanga, chumba kwa chumba. Mama akaangalia ile hesabu muda mrefu, nikajua imemwingia. Akasema: "Nani ameniandikia ukuta na mkaa?" Kisha akasema gata zinaharibu sura ya nyumba. Nyumba yenyewe upande wa barabarani plasta imebanduka, matofali yanachungulia nje kama yanasubiri gari. Masika yaliyopita maji yote hayo yalimwagika uani, yakachimba korongo, akatuchangisha mchanga wa kulifukia.

Haya, Jumatatu.

Mpira wa uani tunautumia kwa zamu, kila chumba na usiku wake. Jumapili usiku ilikuwa zamu yangu. Nikaupitisha dirishani mpaka kwenye pipa langu la lita 200 lililoko kando ya godoro, koki nikaacha wazi. Sufuria halihitajiki hapo, maji yakiingia kwenye pipa tupu unayasikia. Nikalala. Hayakuja. Saa kumi na moja kasoro nikaamka, pipa kavu, ndani kuna mende mmoja anazunguka amekata tamaa. Nimechelewa, nikafunga mlango nikakimbilia mwendokasi. Koki sikuifunga. Hapo kosa ni langu, nakubali, msije mkaanza kunipiga mawe kwenye koki. Lakini nani angefunga? Jumatatu siyo siku yetu! Karatasi ya rangi mbili inasema Jumanne na Ijumaa! Mtu anayeamini ratiba angeweza kuacha koki wazi mpaka Jumanne saa 11 alfajiri akalala usingizi wa mtoto.

Saa sita mchana niko kazini, simu inaita. Mama wa chumba cha tatu, ndiyo kwanza anarudi sokoni.

"Baba, maji yametoka!"

Nikaruka. Nikamwambia mwenzangu wa meza ya pili, leo soda juu yangu.

"Baba, unanisikia? Yanatokea mlangoni kwako."

Wakuu, yalianza kutoka saa nne. Saa mbili nzima, presha ile tunayoambiwa haifiki mwinukoni ilifika, ikapanda dirishani, ikajaza pipa, ikamwagika. Mwalimu alikuwa kliniki, mama mwenye nyumba ameenda msibani, uani hakuna mtu. Nimefika nakuta ndala zangu zimeshatoka nje zenyewe. Godoro limeelea kidogo kisha limekunywa. Mchele kilo tano uliokuwa chini umeanza kujipika. Kiangazi cha kupasua ardhi, mtaa mzima unatafuta maji ya kunawa uso, mimi nachota maji kwa kopo kutoa chumbani. Majirani wamepanga ndoo mlangoni kwangu wanayapokea, hawasemi kitu, wanayachuja tu kwa khanga. Kuna mtoto alikuja na chupa ya soda.

Na yakakata palepale tulipowaza kuhamishia mpira kwenye tanki. Kikohozi kimoja, kimya.

Jioni kikao. Mama mwenye nyumba ameamua: bili ya mwezi huu yote naibeba mimi, nyumba nzima, pamoja na ule upepo wa usiku, na faini 20,000 ya "kuhatarisha msingi wa nyumba". Korongo la masika halikuhatarisha msingi, pipa langu ndilo limehatarisha. Nikamwonyesha ratiba kwenye simu. Akasema yeye hajui mambo ya grupu. Wapangaji wenzangu, waliokunywa maji ya chumbani kwangu, wakaangalia chini.

Sasa naomba msaada wa vitu viwili, na naomba majibu ya maana, asiyekuwa nayo apite kimya. Kwanza, wanasheria wa humu: mkataba wangu una kurasa mbili, umeandikwa kwa mkono, hauna neno faini popote. Nalipa au silipi? Pili, nani anajua fundi maeneo ya Kimara au Mbezi anayeweza kunifungia koki ya boya kwenye pipa, ile inayojifunga maji yakifika juu, na itanigharimu kiasi gani pamoja na ufundi? Anayetaka kuniambia nihame, atangulize kodi ya miezi sita ndipo tuongee.

Godoro nimelianika juu ya bati la choo, leo siku ya tatu, ukilibonyeza bado linatoa maji. Nimemwuliza mwalimu inakuwaje jua lote hili godoro halikauki. Akafurahi kama aliyeulizwa baada ya miaka mingi. Anasema hewa ya Dar miezi hii imeshajaa mvuke wa bahari, haina nafasi kubwa ya kubeba mwingine, ndiyo maana hata jasho letu linabaki mwilini. Lingekuwa Dodoma wakati wa kiangazi chao, lingeshakauka juzi.