Tupeane uzoefu: Mlisoma karatasi moja, kila mtu akatoka na lake

Mwana Kibirizi (mtoa mada)
Wakuu, habari za jioni. Nimekumbuka tangazo la 2024, lile la kufunga uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wazaliane. Kwetu mwaloni Kibirizi, hapa Kigoma, lilibandikwa ukutani, karatasi moja tu. Tukalisoma watu wanne wa nyumba moja, tumebanana bega kwa bega. Kufika nyumbani bibi anauliza, "Linasemaje?"

Baba mdogo, mwenye mtumbwi: "Wametufungia ziwa." Akaingia ndani.

Mama mdogo, yeye ni wa kuanika dagaa: "Dagaa watapanda bei." Neno bei halikuwemo, nilirudi kuhakikisha.

Mdogo wangu wa kidato cha tatu: "Samaki wamepewa likizo ya uzazi."

Mimi nilichoshika ni tarehe tu, maana baba mdogo nilimkopesha hela ya nyavu na ahadi ilikuwa Juni.

Bibi akatutazama. "Kwani mmesoma karatasi ngapi?"

Haya, leteni na zenu.

Mwalimu wa Kasulu
Umenigusa mkuu. Nafundisha Kiswahili, na ufupisho ndio unaonitoa jasho. Kuna siku niliwapa habari ya Mv Liemba, ile meli ya Ziwa Tanganyika: iliundwa Ujerumani, ikaletwa vipande vipande, ikaunganishwa hapa Kigoma na kuingia majini 1915. Mwaka uliofuata Wajerumani wakaizamisha wenyewe isiangukie mikononi mwa adui, ila kwanza wakazipaka mashine grisi nzito zisiliwe na kutu. Waingereza wakaiopoa 1924, na 1927 ikarudi kazini. Nikasema, maneno 40.

Wengi walibeba miaka wakaacha sababu, hilo nimelizoea. Binti mmoja aliandika safi kabisa, halafu akamalizia "ndiyo iliyomleta mama kutoka Kirando". Nikakata kwa wino mwekundu, kwenye habari hakuna Kirando. Kijana mwingine, baba yake fundi wa injini za boti, maneno karibu yote aliyamaliza kwenye grisi. Hakutaja Ujerumani, hakutaja mwaka hata mmoja. Nikampa mbili kwa kumi.

Usiku sikulala vizuri. Bila ile grisi, hiyo 1927 ingekuwepo kweli? Asubuhi nikamwongezea mbili. Zaidi ya hapo ningemdanganya, kwa sababu msahihishaji wa mtihani wa taifa hajui baba yake anafanya kazi gani.

Mnyamwezi Asali
Huku Tabora yetu ilikuwa barua ya posa. Tulipeleka ya kwetu, majibu yakaja mistari mitatu: barua tumeipokea, wazee bado hawajakaa, tunaomba subira.

Kaka, mwoaji mwenyewe: "Wamekubali!" Mshenga, mzee wa siku nyingi, akaikunja taratibu: "Wamekataa kwa adabu." Mama: "Wanataka bahasha iongezwe." Wiki mbili nyumba haina amani, kila mmoja anaisoma upya na kuzidi kuiona yake.

Kumbe mjomba wa binti alikuwa Urambo, masoko ya tumbaku yamefunguliwa, hawezi kuondoka. Wazee walikuwa hawajakaa. Basi.

Jirani wa Ujiji
Mtoa mada, na wewe umefupisha kwa kujipendelea. Umeliongelea ziwa kama la Kibirizi, wakati tunachangia nchi nne, na Warundi na Wakongo nao wana nyavu. Halafu hujasema Juni ilipofika ilikuwaje.

Mwana Kibirizi (mtoa mada)
Juni ilipofika mtumbwi ulikuwa umepinduliwa mchangani, ningemdai nini? Nimemsomea baba mdogo uzi mzima jioni hii, na Liemba, na posa ya Tabora. Kasikiliza mpaka mwisho, hajakatiza hata mara moja. Kisha akasema, "Kwa hiyo bado unataka hela yako."